Mrejesho: kuzunguka Pemba na gari la kulala kutafuta ndege

Jamani si niliwauliza kama naweza kuzunguka Pemba na hiesi nilale humohumo nikitafuta ndege, basi jibu ni ndio, inawezekana kabisa. Sheha (kiongozi wa mtaa) katuruhusu kupaki karibu na ufuo wa Vumawimbi, asubuhi tukaingia msitu wa Ngezi na mwongoza watalii wa palepale, na ninga wa Pemba, njiwa wa kijani, tukamwona kwa karibu, kichwa kijivu, begani ana baka la zambarau, mzuri mashallah! Bundi mdogo wa Pemba ndo subirini magharibi, analia hu, hu, mojamoja, mwongozaji akatuonesha alipo. Hawa wote wawili hawapo popote duniani ila Pemba, ule msitu tuutunze kwakweli. Mafuta jazeni mjini Chake Chake kabisa.