Fimbo ya nzi kwa trauti wa Mlima Kenya: namba 3, 4 au 5?

Mshipi_Mwembamba:
Wadau, habari zenu. Nataka fimbo moja tu ya kuvulia trauti kwa nzi bandia. Mara nyingi nitakuwa kwenye mito ya Thiba na Naro Moru, sehemu za juu msituni, na mara mojamoja Ziwa Rutundu. Dukani wamenishauri futi 9 namba 5, ati ndiyo inayofaa kila mahali. Jamaa mwingine anasema hiyo nitaimalizia kwenye mianzi. Nichukue ipi? Halafu kuna hili: nikirusha, ncha ya mshipi inajifunga vifundo vidogo vidogo hata kama sijagusa mti. Tatizo ni nini?

Kijito_Baridi:
Karibu ndugu. Futi 9 namba 5 ni fimbo nzuri kwa mto mpana au ziwa. Ukiipeleka Thiba kule juu, matawi yako juu ya kichwa na samaki yuko mita 5 au 6 mbele yako. Hapo chukua futi 7 na nusu, namba 3 au 4, inayopinda hadi katikati. Usichukue ile ngumu inayopinda nchani tu.

Sababu iko kwenye hesabu ya mshipi. Namba ya fimbo ni ya mshipi inaoubeba, na namba ya mshipi inatokana na uzito wa futi 30 zake za mwanzo, kama mita 9. Namba 4 ni gramu 7.8 hivi kwa urefu huo. Ukirusha mita 5 za mshipi, ni nusu tu na ushee ya uzito huo iliyo nje ya ncha, kwa hiyo fimbo ngumu haipindi kabisa, na fimbo isiyopinda hairushi kitu. Ndiyo maana watu wa vijito huweka mshipi wa namba 4 kwenye fimbo ya namba 3. Inapinda hata kwa umbali mfupi.

Rutundu ni habari nyingine: kweupe, upepo unavuma, na hapo hiyo ndogo itakusumbua. Ukilazimika kuwa na moja tu, futi 8 na nusu namba 4 ni suluhu. Msituni itakuudhi kidogo na ziwani itakuudhi kidogo.

Fundo_Kavu:
Naongezea kuhusu pesa. Mshipi mbovu huharibu fimbo nzuri, lakini mshipi mzuri huiokoa fimbo ya kawaida. Kwa trauti wa mtoni rili (gurudumu la kuviringia mshipi) ni kibebeo tu, utamvuta samaki kwa mkono. Weka mita 40 au 50 za uzi wa akiba, kisha mshipi unaoelea, kisha lida (uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi) ya futi 7 na nusu inayoishia 5X, ambayo ni unene wa milimita 0.15. Mshipi uliokaa kwenye rili miezi hukumbuka mviringo: unyooshe kwa kuvuta mita moja moja kati ya mikono kabla ya kuanza, la sivyo utarusha springi.

Sasa vifundo. Wengi huviita mafundo ya upepo, lakini upepo husingiziwa tu. Fimbo ikishtuliwa ghafla mwanzoni mwa kurusha, ncha yake huzama, upande wa juu wa kitanzi cha mshipi hewani unashuka na kukatana na wa chini, na fundo limeshafungwa. Anza polepole, ongeza kasi kidogo kidogo, kisha simama kabisa. Chora uso wa saa akilini, ukitazamwa kutoka upande wako wa kushoto: nyuma simama kwenye namba 1, mbele kwenye namba 10. (Nasema namba zilizoandikwa kwenye saa. Mtu akifuata saa nne yetu atapiga maji.) Nyuma usiharakishe, ngoja mshipi unyooke ndipo uje mbele.

Kila baada ya dakika chache pitisha vidole kwenye tipeti, yaani ncha nyembamba ya lida. Ukihisi kapunje, kata na ufunge upya, kwa kuwa hapo uzi umepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Na fundo lolote lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza.

Kijito_Baridi:
Na kwenye mianzi usirushe nyuma kabisa. Mshipi ukiwa juu ya maji mbele yako, inua fimbo polepole hadi mshipi uning'inie nyuma kidogo ya bega. Tulia sekunde moja, ndipo upige mbele na kusimama juu. Maji ndiyo yanayoushika mshipi ili fimbo ipinde, kwa hiyo ukijaribia kwenye majani makavu ya nyumbani haitakubali, usidhani umekosea.

Mshipi_Mwembamba:
Asanteni sana. Nimeelekea kwenye futi 7 na nusu namba 4, vipande vinne. Hivyo viungio vikikwama vinatolewaje? Na fimbo hizi za kaboni huvunjika vipi hasa?

Ncha_Juu:
Kuunganisha: ingiza kipande pete za kupitishia mshipi zikiwa zimekengeuka robo mzunguko, kisha sukuma huku ukizungusha hadi zinyooke. Paka nta ya mshumaa kidogo kwenye upande unaoingia. Kagua viungio kila nusu saa, kwa sababu kiungio kilicholegea hupasuka mdomoni ukirusha mara inayofuata.

Kikikwama, usishike pete wala kutumia koleo. Chuchumaa, pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika pande mbili za kiungio mikono ikigusa nje ya magoti, kisha tanua magoti taratibu. Nguvu inakwenda moja kwa moja bila kupinda.

Kuvunjika ni kwa aina tatu. Mlango wa gari unaongoza. Ya pili ni nzi mwenye kichwa cha shaba kugonga fimbo: huoni kitu siku hiyo, inakatika mwezi ujao ukiwa na samaki mdogo. Ya tatu ni kumleta samaki karibu huku fimbo imesimama wima na mshipi umebaki mfupi. Mzigo wote unahamia kwenye ncha, sehemu nyembamba kuliko zote. Laza fimbo upande, rudi hatua mbili, mwache samaki aingie kwenye wavu.

Na ukisikia radi mlimani, weka chini fimbo. Kaboni hupitisha umeme.