Mafundi baiskeli wa Malindi, waya za dainamo ndo mwazifunga hivi kweli??

Wadau salaam. Mimi nshachoka na leo lazima niseme, fundi atakayesoma hapa akakasirika na akasirike.

Nimepeleka baiskeli yangu ya Black Mamba kwa fundi mmoja hapa mjini anifungie dainamo pale nyuma, kile kidude kinachozungushwa na tairi kikatoa umeme, na taa mbili. Vifaa vyote nimenunua mwenyewe, dainamo ya volti 6 wati 3, balbu ya mbele wati 2.4, ya nyuma wati 0.6, na waya wa nyuzi mbili wa kutosha na kubaki. Yeye akaipandisha stendi, akazungusha gurudumu kwa mkono, taa zikawaka, basi kwake kazi imekwisha. Usukani hakuugeuza hata kidogo! Mafundi wote niliowaona hapa ndo mtindo wao, wanajaribu taa usukani umenyooka tu, kwani huku barabara zetu hazina kona?

Sasa usiku natoka Mambrui, nimevuka daraja la Sabaki, nakwepa shimo, taa ya mbele ikazima, na ya nyuma ikang'aa sana kwa muda kidogo halafu nayo kwisha. Giza totoro na malori yanakuja nyuma yangu. Hiyo ya nyuma haikuungua kwa bahati mbaya jamani, dainamo ikishakosa taa ya mbele ile nguvu yote inamwagikia kale kabalbu kadogo ka nyuma, lazima kaungue. Yaani waya mmoja kuchomoka pale mbele umenimalizia taa zote mbili.

Na kwa nini umechomoka? Asubuhi nimeikagua, wallahi nilitetemeka kwa hasira. Pale shingoni, usukani unapoingia kwenye fremu, waya umekazwa ndi kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna pa kulegea hata kidole, kwa hivyo ukikata kona unavutika, na kiungo chenyewe ni nyuzi zimesokotwa kwa vidole zikavikwa tepu, hakuna lehemu, hakuna klipu. Nikafuata waya kwenda chini nikakuta ameufunga pamoja na kile chuma cha breki ya nyuma. Kile chuma si kinatembea kila ukifinya breki? Plastiki imeshaanza kulika na shaba yaonekana! Kwingine ameuzungusha zungusha kwenye bomba na hiyo tepu nyeusi, na kwa jua la Malindi gundi ya tepu inayeyuka, yote inateleza, vumbi linaganda hapo na waya unaning'inia karibu na pedali.

Lililoniuma zaidi ni ule uzi wa pili wa kurudisha umeme kwa dainamo, ameukata. Nikamrudia nikamuuliza, akaniambia "kaka, chuma chatosha, umeme warudi kwa fremu." Najua unarudi kwa fremu, baiskeli nyingi za zamani ndivyo zilivyokuja, lakini hapo ile skrubu yenye ncha kwenye kishikio cha dainamo lazima itoboe rangi ifike kwenye chuma, yake imeishia juu ya rangi. Halafu taa ya mbele iko upande wa usukani, umeme wa kurudi unapitia goroli za shingo ambazo zimejaa grisi, ndo maana hata mjini taa ilikuwa inapepesa. Weka na hii chumvi ya bahari inayokula kila skrubu hapa kwetu. Nimenunua nyuzi mbili kwa sababu hiyo hiyo, wewe unakata moja unatupa, kwa ruhusa ya nani?

Na msije kuniambia ninunue tochi ya kuchaji. Kuna watu wanatoka Ganda na Gede alfajiri na mzigo kwa keria, stima ya kuchajia hawana kila siku, dainamo ndo taa yao.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Pitisha waya ubavu wa bomba ambao hauna chuma cha breki, unyooke, ufunge kwa kebo tai au vipande vya chubu kuukuu, hivyo havitoi gundi. Pale shingoni acha kitanzi, geuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto uone waya haukazi wala haushiki breki. Nyuzi zote mbili zifike kwenye taa. Ukipita kwenye madigadi ufunge usije ukagusa tairi. Viungo piga lehemu kisha paka grisi kidogo chumvi isiingie. Ni kazi ya saa moja hiyo!

Mwenye kumjua fundi wa kufanya hivi, awe Maweni, Barani, Muyeye, hata Watamu ntafika, anielekeze hapa chini. Na pesa ntalipa zaidi ya hizo nilizotoa, ila usukani nitaugeuza mwenyewe kabla sijatoa shilingi.