Eti chokoleti ni ya KUNUSA! Huyu mshauri wa kupunguza uzito nani alimpa kiti?

MizaniHaidanganyi (mleta uzi)

Wakuu, naandika moyo ukiwa bado unachemka. Simtaji, maana hakuna haja, mnamjua. Yule yule wa "niulizeni mimi", mwenye jibu kabla swali halijafika kwenye alama ya kuuliza. Leo mtu kauliza kwa adabu zake zote: anapunguza uzito, ikifika saa tatu usiku hamu ya chokoleti inamkaba, afanyeje? Jibu alilopewa ni hili, nalinakili kama lilivyo: "Chukua kipande, kinuse, fumba macho, kisha kirudishe kabatini. Ukishindwa hapo, tatizo si chokoleti, tatizo ni wewe."

KIRUDISHE KABATINI!

Binadamu mwenye ulimi na meno thelathini na mawili anuse chokoleti kama mbwa wa polisi anayekagua mizigo, halafu afunge kabati akalale usingizi mnono? Basi na mwenye kiu apelekwe bombani akasikilize maji yanavyotiririka, arudi. Hata paka ukimnusisha samaki ukaondoka naye, siku hiyo nyumba haikaliki.

Na kabla hajafika kwenye kunusa, alishatangaza kuwa chokoleti nyeusi "haina kalori". Haina kalori! Gramu 100 za chokoleti nyeusi ya kakao asilimia 70 hadi 85 zina kalori kama 600. Za chokoleti ya maziwa zina kama 535. Nyeusi ndiyo iliyozidi, kwa sababu kakao ikiongezeka na siagi ya kakao, yaani mafuta yake, inaongezeka, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati ya sukari ni 4. Faida ya nyeusi iko kwenye sukari, kama gramu 24 badala ya 50 na ushee, na kwenye ule uchungu unaoufanya mdomo useme basi mapema. Sasa kama haina kalori, huyo mtu anarudisha nini kabatini? Si amalize pakiti!

Kitu kinachorudi kabatini ni PAKITI. Unaweka mizani ya jikoni mezani, unapima gramu 20, ambazo kwa nyeusi ni kalori kama 120, unafunga pakiti na kuirudisha kabla kipande cha kwanza hakijagusa ulimi. Unakula baada ya mlo, si tumbo likiwa tupu, maana ukizoea kuila ukiwa na njaa, njaa yenyewe inajifunza kuita chokoleti na hamu inakua badala ya kupungua. Na hutafuni. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo kipande ukikiacha juu ya ulimi kinajimaliza chenyewe na ladha inakaa. Ukitafuna, gramu 20 zimepotea kabla hujajua umekula nini.

Hayo yote yangeandikwa kwa mistari mitatu. Yeye kaandika kinuse.

UbaoWaKakao

Mkuu, uko sahihi na una haki ya kufoka. Hamu ya chokoleti inaishia mdomoni. Mwaka 1994 huko Marekani watafiti Willa Michener na Paul Rozin waliwapima watu wenye hamu hiyo hasa. Walijaribu chokoleti ya maziwa, chokoleti nyeupe, na vidonge vyenye unga wa kakao ndani. Vidonge havikufanya kitu, hamu ilibaki pale pale. Chokoleti ya maziwa iliituliza, na ile nyeupe, ambayo haina unga wa kakao kabisa, iliituliza kwa kiasi. Maana yake kinachotakiwa ni ule ulaini, utamu, harufu na mafuta yanayoyeyuka, vyote kwa pamoja. Harufu peke yake ni kumwasha mtu moto na kumwachia.

Na huyo huyo mnayemsema ndiye aliyeeneza habari ya magnesiamu, kwamba hamu hiyo ni mwili unadai madini. Kama ni madini, watu wangeamka usiku kutafuta mbegu za maboga, maana gramu 100 zake zina magnesiamu zaidi ya mara mbili ya chokoleti nyeusi. Nani mmeshamwona anazililia?

KijikoTupu

Mleta uzi punguza herufi kubwa, kompyuta itapata shinikizo la damu. Maneno mia nne kwa ajili ya kipande ambacho hakikuliwa.

Halafu gramu zako 20 ni za watu wa kwenye vitabu. Pakiti ya gramu 100 iliyofunguliwa ni kalori 600 zinazokusubiri mlangoni, na mizani haizuii mkono. Dawa ni kutokuwa na pakiti kubwa nyumbani kabisa. Nunua vile vidogo vilivyofungwa kimoja kimoja. Lile karatasi la kufungua kila mara ndilo breki, na maganda yakilala mezani unayaona umefikisha mangapi.

MizaniHaidanganyi

KijikoTupu, hilo la vidogo nakubali. Lakini hata hivyo ulivyosema vinaliwa! Umesema vifunguliwe viliwe, hukusema vinuswe virudi kabatini. Ndipo hasira yangu ilipo.

TumboHalinaSiri

Mmeng'ang'ania kunusa, wakati janga kubwa ni zile zilizoandikwa "bila sukari". Huko ndiko watu wanakoangamia. Geuza pakiti usome: nyingi zina maltitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari. Maltitoli ina kalori zaidi ya 2 kwa gramu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya sukari, si sifuri, na inapandisha sukari ya damu, ingawa taratibu zaidi. Mafuta ya kakao hayajaenda popote, kwa hiyo pakiti nzima bado inazunguka kalori 450 hadi 500 kwa gramu 100. Kisha utumbo mdogo hauimalizi kuifyonza, inateremka utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha. Gramu 30 au 40 za maltitoli kwa mkupuo, tumbo linaanza kuhutubia mkutano. Nchi za Ulaya zimelazimisha onyo hilo liandikwe pakitini, lakini kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Ukiweza, tafuta yenye erithritoli, kitamu kingine cha badala ya sukari. Kalori zake ni chache mno na matumbo mengi yanaivumilia zaidi. Kasoro yake ni ubaridi fulani mdomoni, kama umetoka kulamba mnanaa.

PimaGramu

TumboHalinaSiri kamaliza. Naongeza wizi mwingine: "kwa kipimo kimoja". Mbele wanaandika kalori 90 kwa maandishi ya dhahabu, nyuma unakuta pakiti ina vipimo vitatu na nusu. Nusu! Nani anakula nusu ya kipimo? Soma safu ya gramu 100 tu, hizo nyingine ni mapambo.

Na watu waache kuchanganya unga wa kakao na unga wa kinywaji cha chokoleti. Ule wa kinywaji sehemu kubwa ni sukari. Orodha ya viungo ikianza na sukari, kirudishe dukani (samahani mleta uzi). Unga halisi wa kakao una kiungo kimoja: kakao. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 5, kalori kama 12, kwa sababu siagi nyingi ya kakao imekamuliwa, imebaki asilimia 10 hadi 12 au 20 hadi 24 kutegemea aina. Theluthi moja ya uzito wake ni nyuzinyuzi. Hapo ndipo mtu anayepunguza uzito anapata ladha ya chokoleti bila kulipia mafuta yake.

NdiziBaridi

Asante PimaGramu! Ndizi mbivu yenye madoa, kata vipande vya unene wa kidole, tandaza kwenye sahani visigusane, gandisha saa mbili au zaidi. Gramu 100 za ndizi, gramu 10 za kakao, chumvi kwa ncha za vidole, saga. Mwanzo itakuwa kama mchanga, usiongeze maziwa! Zima, kwangua pembeni, washa tena. Ghafla inakuwa laini kama aiskrimu. Jumla ni kalori kama 110. Wanaoharibu ni wale wanaomimina maziwa mapema, wanapata uji wa baridi. Na ndizi isiyoiva vizuri inabaki na wanga, kwa hiyo inakauka mdomoni.

KijikoTupu

Kisha wanatia "kijiko kimoja" cha siagi ya karanga. Kijiko cha kusawazisha ni gramu 16, kalori kama 95. Kijiko cha rundo, kile mnachokitumia nyote, kinafika gramu 30. Umeshazidi chokoleti ya mleta uzi, na hujala chokoleti.

NdiziBaridi

Nani kataja siagi ya karanga hapa? Usinizushie. Ndizi, kakao, chumvi. Soma.

MtindiMzito

Ndizi ina sukari, achaneni nayo. Mtindi mzito usio na mafuta, gramu 170, ni kalori kama 100 na protini gramu 17 hivi. Koroga na gramu 10 za kakao, kijiko cha chai kimoja cha asali, chumvi kidogo. KISHA UIACHE DAKIKA KUMI. Watu hawasubiri, wanaonja palepale, wanasema inakwaruza kama vumbi. Kakao inahitaji muda kunywa maji. Na aina ya kakao ina maana: ya asili ina uchachu, ukiitia kwenye mtindi ambao nao ni mchachu, unakunja uso. Iliyopitishwa kwenye alkali, kitu cha kuua uchachu, ni nyeusi zaidi na imetulia, ingawa alkali inapunguza zile flavanoli, kemikali za asili za kakao ambazo watu wanaikimbilia kakao kwa ajili yake.

UbaoWaKakao

Kwa matunda, gramu 20 za chokoleti nyeusi zikiyeyushwa zinatosha kuchovya stroberi gramu 150, na hapo una bakuli zima kwa kalori zisizofika 200. Lakini yafute matunda mpaka yakauke kabisa! Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, sukari na kakao vinashikana na kuwa tope gumu. Ikitokea usiitupe, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga mpaka ilainike. Haitaganda tena juu ya tunda, lakini kama mchuzi wa kumwagia inafaa.

TumboHalinaSiri

Na msiiweke chokoleti kwenye friji jamani. Chokoleti ya baridi haiyeyuki ulimini, unatafuna mshumaa. Ukiitoa, unyevu unatua juu, unayeyusha sukari, ukikauka unabaki ukungu mweupe wenye chenga. Ukungu laini unaofutika kwa kidole ni mafuta yaliyopanda kwa joto. Yote mawili hayana madhara, ila ladha imekwenda. Mahali pakavu, penye kivuli, nyuzi 16 hadi 18, mbali na vitunguu, maana siagi ya kakao inanyonya harufu za jirani.

MizaniHaidanganyi

Yaani sasa tunazungumzia vitunguu. Jamani, mtu kaambiwa ANUSE. Mbona mmesahau?

MtindiMzito

PimaGramu, ule unga halisi wa kakao uliousema, kwa kunywa unaukorogaje? Kila mara mabonge yanaelea juu.

PimaGramu

Gramu 10 za kakao, maziwa yasiyo na mafuta mililita 200, sukari kijiko cha chai kimoja. Kalori kama 110. Usimwage kakao juu ya maziwa. Kwanza tengeneza ubandiko mzito kwa vijiko viwili vikubwa vya maziwa, ponda mabonge yote, ndipo uongeze mengine. Weka motoni, koroga mpaka itokote kidogo, endelea dakika mbili. Wanga wa kakao unavimba na kinywaji kinapata uzito. Anayemimina maji ya birika juu ya unga na kuondoka anakunywa maji ya kahawia. Na chumvi usiisahau, inapunguza uchungu, kwa hiyo sukari inahitajika kidogo. Unywe mapema jioni, kakao ina kafeini na theobromini, vitu vinavyochangamsha mwili.

NdiziBaridi

Ubandiko kwa maziwa baridi au ya moto? Kwa baridi mafuta ya kakao yanakataa maji.

KijikoTupu

Baridi. Kwa moto, nje ya bonge panageuka ngozi ya wanga na ndani panabaki pakavu.

NdiziBaridi

Vuguvugu basi, lakini baridi hapana.

PimaGramu

Mnagombania bure. Changanya kakao, sukari na chumvi vikiwa vikavu kwanza. Chembe za sukari zinazitenganisha za kakao, baada ya hapo baridi au vuguvugu zote zinakubali.

MtindiMzito

Hizo gramu 10 ni vijiko vikubwa viwili vya rundo au vya kusawazisha?

PimaGramu

Vya kusawazisha, kwa mgongo wa kisu.