MREJESHO: Waya wa nitinoli uliokataa kufuata mlinganyo wangu

Wakuu, nimerudi. Kwa aliyepitwa: nilikuwa na waya wa nitinoli, ile aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake, na mlinganyo wa kukadiria urefu wake kwa kila jotoridi. Nikiupasha kwa umeme, hesabu zinakubali. Ukipoa, zinakwenda kombo. Nikalaumu kipimajoto, mkanikatalia.

Mlikuwa sahihi. Nilidhani jotoridi moja lina urefu mmoja, kumbe waya unajali pia umetoka kwenye joto au kwenye baridi.

Nimetupa ule mlinganyo, nikaweka kigezo kipya: sehemu ya martensiti, yaani kiasi cha waya kilicho katika muundo wake wa baridi, kati ya 0 na 1. Kupasha kuna mlinganyo wake wa kosaini na kupoa kuna wake, kama walivyofanya watafiti Liang na Rogers mwaka 1990. Kilichonitoa jasho ni kugeuza njiani. Ukikata umeme kabla waya haujabadilika wote, mlinganyo wa kupoa lazima uanzie kwenye kiasi cha martensiti kilichobaki pale, si kwenye 0. Siku tatu nimezunguka hapo, na dawa yake ni mstari mmoja tu wa programu!

Yule aliyeuliza kuhusu uzito ninaouning'iniza kwenye waya: ndiyo, niliusahau kwenye hesabu. Mkazo unaotokana na uzito huo ukiongezeka, nyuzijoto zote nne za mabadiliko (mwanzo na mwisho wake, wakati wa kupasha na wa kupoa) hupanda, karibu kwa mstari ulionyooka.

Sasa grafu zinalaliana vizuri, ila mizunguko ya mwanzo bado haifanani na ya baadaye. Huo uchovu wa waya sijauingiza. Nikiuweza, nitarudi.