Ukoo wa Ujiji: gumzo la Jumamosi usiku

Mjomba Rashidi: [video] Jioneeni wenyewe Wamarekani walivyotudanganya kuhusu mwezi. Studio hiyo, mchanga wa kumwaga, taa juu. Sambazeni kabla haijafutwa!

Shangazi Mwajuma: Mungu wangu. Nilijua tu.

Sadiki: Shikamoo mjomba. Hiyo ni sinema.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Sinema wapi, hiyo kamera ya kujificha.

Sadiki: Capricorn One, ilitoka Marekani 1978. Na humo wanajifanya wamekwenda Mars, mwezi haumo kabisa. Mmoja wa hao wanaanga ni O.J. Simpson, yule mchezaji aliyekuja kushtakiwa kwa mauaji.

Zuhura: 😂😂 Halafu muziki je? Nani kaweka muziki kwenye kamera ya kujificha?

Mama Zuhura: Hii niliiona banda la video pale Mwanga, imetafsiriwa. Mtafsiri akawa anachomekea yake: "Hii kweli tupu wazee, serikali haitaki mjue." Banda zima kimya.

Mjomba Rashidi: Lisemwalo lipo. Mtunzi kaitoa wapi?

Sadiki: Kwenye uvumi. Mmarekani mmoja, Bill Kaysing, alishatoa kitabu 1976 akidai hawakufika mwezini. Lakini kitabu unaweza kubishana nacho. Ukishaletewa taa na mchanga, unasema nimeona kwa macho yangu. Vile vioo walivyoacha mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 viko kule mpaka leo, wanasayansi wanavipiga leza kutoka huku duniani na mwanga unarudi. Nani atatengeneza sinema ya kioo?

Baba Mdogo: Usizidharau sinema lakini. JFK ya Oliver Stone, 1991, ina mengi ya kubuni, ila watu walitoka humo wanadai mafaili ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria yafunguliwe.

Mjomba Rashidi: Eeeh! Umesikia, Sadiki?

Sadiki: Hapo sina ubishi, baba mdogo. Serikali ikikalia makaratasi, mwenye kamera atajijazia pengo. Wale walidai mafaili, wakayapata. Sisi tumeletewa kipande cha sinema tukaambiwa ni siri imevuja.

Shangazi Mwajuma: Jamani, mimi nimeshaituma kule kikoba. Inafutwaje?

Mama Zuhura: Ibonyeze uishikilie wifi, halafu futa kwa wote.

Mjomba Rashidi: Usifute! Wa kikoba nao wana macho.