Naivasha siku mbili bila kushinda kwenye boti, inawezekana?

mama_wawili:
Habari zenu wadau, Ijumaa tunashuka Naivasha, mimi, watoto wa miaka 7 na 10, na mama yangu ambaye goti moja linamsumbua. Kila nikiuliza naambiwa boti, viboko, picha, basi. Sisi tunataka kutembea kwa miguu. Kuna mahali kweli ama kando ya ziwa ni mashamba ya maua na mahoteli tu?

kiguu_na_njia:
Kuzunguka ziwa sahau, sehemu kubwa ni viwanja vya watu. Nendeni Crescent Island, mnavuka kwa boti halafu mnatembea kwa miguu katikati ya twiga, pundamilia na nyumbu, simba hakuna, na shosho akichoka anakaa kwenye nyasi. Sisi twiga alitukaribia mpaka tukawa tunasikia ulimi ukiparua majani ya mgunga. Msisogee tu karibu na maji, kiboko akiwa nchi kavu na wewe umemzibia njia ya kurudi ziwani hakuna mjadala.

kilele_tu:
Mlima Longonot!! Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni km 3.1 na kuzunguka juu ni 7.2, ziwa lote unaliona.

kiguu_na_njia:
Ndugu, goti umelisoma? Pale kwa vumbi unapanda hatua moja unateleza mbili.

kilele_tu:
Haya, goti sikuliona 😂 basi hifadhi ya Hell's Gate, mnakodi baiskeli karibu na geti la Elsa, mnapita Fischer's Tower, ule mnara wa mawe ya volkano wenye pimbi wanaoota jua, mpaka kwenye korongo. Ila mkiona wingu jeusi hata kwa mbali msishuke korongoni, 2012 na 2019 watu walibebwa na mafuriko ya ghafla, mvua inanyesha huko juu na nyinyi hapo mko kwa jua. Tiketi lipieni mtandaoni, getini hawataki keshi.

mama_wawili:
Na tukiwa kwa baiskeli mama nimwache wapi?

chai_ya_saa_kumi:
Elsamere, ilikuwa nyumba ya Joy Adamson yule aliyemlea simba Elsa, barabara hiyohiyo ya South Lake. Anakaa bustanini anakunywa chai na mbega wako juu ya miti.

mama_wawili:
Amesikia chai, ashaamua. Baiskeli za watoto zipo?

kilele_tu:
Zipo chache, wahini asubuhi. Na mjaribu breki kabla ya kutoa pesa, mimi yangu mnyororo uliruka hata mnara sijaufikia nikaisukuma kurudi.