Kikundi cha familia: kuonja vyakula ufukweni Jumamosi

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Waliothibitisha mpaka sasa ni sita, watoto wawili ndani yake. Meza zinafunguliwa saa 4 asubuhi, zinafungwa saa 12 jioni. Tutoke saa ngapi?

Shangazi Zena: Marahaba mwanangu. Saa 4 tuwe tumeshafika mlangoni. Saa ya kwanza barafu imejaa kwenye masanduku, mafuta ya kukaangia hayajawa meusi, na mpishi ana nafasi ya kukujibu. Ikifika saa 8 foleni imejaa, jua limepiga kila kitu, na anayegawa chakula hajui tena kipi kilitangulia kutoka jikoni.

Mjomba Hamisi: Na kabla ya saa, tazameni maji. Meza ziko mchangani. Jumamosi mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, maji yatapanda juu kuliko siku za kawaida. Kila siku hujaa kama dakika 50 baada ya saa yaliyojaa jana, basi mkijua ya leo mnaweza kuhesabu ya Jumamosi. Maji yakianza kupanda, meza za chini huhamishwa, na chakula hubaki bila barafu wakati watu wanabeba vitu.

Mjomba Hamisi: Jambo jingine la mwezi mpevu: dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa hupungua, maana taa haiwavuti mbalamwezi ikiwa kali. Mkikuta meza imejaa dagaa, ulizeni wametoka lini. Huenda waligandishwa. Kugandishwa si kosa, ila mjue mnachoonja.

Rashidi: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Mimi nitakuja na njaa kabisa, tangu usiku sili 😋

Shangazi Zena: Marahaba. Usifanye hivyo baba. Mwenye njaa hula meza mbili za mwanzo akashiba, na kila kitu huwa kitamu kwake, kwa hiyo hajaonja. Kula kidogo saa mbili kabla, kitu kisicho na viungo vikali. Piga na hesabu: kionjo kimoja ni gramu 15 hadi 20. Meza 20 ni karibu gramu 400, huo ni mlo mzima mzito. Chagueni meza 10 au 12. Mzunguko wa kwanza ni wa kutembea na kutazama tu, mikono nyuma.

Salma: Tukizungukia zote bila kula watoto watakubali kweli?

Shangazi Zena: Wape kazi. Mmoja ahesabu meza zenye barafu, mwingine azitafute zinazopikia pale pale. Mkimaliza mzunguko mnajua pa kuanzia.

Mwanaidi: Vipi kuhusu kupiga mswaki, kahawa, manukato? Kuna aliyeniambia vinaharibu ulimi.

Shangazi Zena: Ni kweli. Dawa ya meno ina sabuni inayofanya utamu upungue na uchungu uzidi. Pigeni mswaki mapema, angalau saa nzima kabla. Kahawa na sigara vivyo hivyo, ziacheni asubuhi hiyo. Manukato msipake kabisa, wala mafuta ya mikononi yenye harufu. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapitia puani, na manukato yako yanamharibia hata aliyesimama karibu nawe.

Shangazi Zena: Namna ya kuonja: nusa kwanza. Tia kipande kidogo, tafuna taratibu kiguse ulimi wote, kisha mdomo ukiwa umefungwa toa pumzi kwa puani. Hapo ndipo utakapotofautisha samaki wa jana na wa leo, na moshi wa kuni na wa makaa. Kilicho baridi sana hakionyeshi utamu wake wote, na kinachounguza hakionyeshi chochote.

Rashidi: Mpangilio je? Meza ya samaki wa moshi ndiyo ya kwanza ukiingia.

Shangazi Zena: Ipite. Mwanzo ni samaki mweupe wa mvuke na kamba wa kuchemsha. Halafu pweza na ngisi, halafu vya kuchoma, halafu vya kukaanga. Samaki wa moshi na vilivyolowekwa siki au chumvi ni baada ya hapo. Pilipili iwe karibu na mwisho, vitamu vifunge. Moshi na chumvi vikishashika ulimi, samaki wa mvuke atakuwa kama karatasi na mtamlaumu mpishi bure.

Shangazi Zena: Kati ya meza na meza, maji ya kawaida yasiyo baridi na kipande cha mkate usio na chumvi. Kila baada ya vionjo vinne au vitano pumzikeni dakika 10, kivulini. Pilipili ikiwaka, maji hayasaidii kwa sababu ukali wake hauyeyuki majini. Maziwa au mtindi ndio dawa.

Salma: Meza ya mwani niliiona kwenye tangazo. Inaingia wapi?

Mjomba Hamisi: Mapema, baada ya samaki wa mvuke. Mwani ndio uliomfikisha mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, kwenye ladha ya tano mwaka 1908, ile wanayoiita umami, ya mchuzi ulioiva vizuri. Jaribuni hivi: onjeni mchuzi wa mwani peke yake, kisha wa samaki mkavu peke yake, kisha vyote viwili pamoja. Vikichanganywa ladha huzidi jumla yake.

Rashidi: Mimi nasubiri chaza wabichi. Ndimu ya kutosha, pilipili, basi vijidudu vyote kwisha.

Mjomba Hamisi: Hapo hapana, kijana wangu. Ndimu haiui. Inabadilisha nyama iwe nyeupe kama imepikwa, lakini bakteria wa vibrio na virusi vya noro vinabaki. Pilipili nayo haiui, wala pombe. Chaza mmoja mkubwa anaweza kuchuja karibu lita 190 za maji kwa siku, kwa hiyo kilichomo majini ni chake. Na vibrio huongezeka maji yakiwa ya moto.

Rashidi: Kwa hiyo nisile?

Mjomba Hamisi: Wewe mzima unaweza kuamua, ila kwa masharti. Gamba liwe limefungwa kabisa, au lijifunge ukiligonga. Liwe zito kwa maji yake. Wawe wamezikwa kwenye barafu, si kuwekwa juu ya sinia lenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Wafunguliwe mbele yako. Na muuzaji akwambie wametoka eneo gani na lini. Asiyeweza kujibu hilo, mshukuru, endelea. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu asiguse kibichi. Wazee, watoto wadogo na wajawazito vivyo hivyo.

Mwanaidi: Mimi mjamzito basi nimeshatolewa 🙂 Kome wa kupikwa naweza?

Mjomba Hamisi: Waliopikwa mpaka magamba yakafunguka yenyewe, wakiwa bado wa moto. Ambaye hajafunguka aachwe. Samaki wote wawe wameiva mpaka nyama inaachana kwa uma na si ya kung'aa ndani, ni nyuzi 63 kwa kipimajoto. Na uache papa, nduaro na jodari wakubwa kwa sababu ya zebaki.

Mjomba Hamisi: Ila Mwanaidi na wote, kuna sumu ambazo moto hauziondoi, na hizi ndizo za kuzijua vizuri kuliko zote, maana ulimi mara nyingi hauzitambui.

Mjomba Hamisi: Ya kwanza ni histamini. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huitengeneza ndani ya nyama. Ukimpika, ukimgandisha, ukimtia kopo, bado ipo. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi: uso mwekundu unaowaka, kichwa, vipele, moyo kwenda mbio. Watu hudhani ni mzio wa samaki. Ukionja jodari akakuwasha ulimi kama pilipili na hakuna pilipili, tema.

Mjomba Hamisi: Ya pili ni ya chaza na kome. Viumbe vidogo mno vya baharini vikizidi, wanavichuja na kujaza sumu mwilini mwao. Bahari si lazima iwe nyekundu. Midomo na vidole vikianza kufa ganzi baada ya kula, ni hospitali saa hiyo hiyo, sumu hiyo inaweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana nasisitiza swali la eneo walikovunwa, kwa sababu nchi nyingi hupima maji na kufunga maeneo.

Mjomba Hamisi: Ya tatu ni ya samaki wakubwa wa kwenye matumbawe, kama chewa na mzia. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyoweza kuwa nayo zaidi. Haina ladha wala harufu. Vipande vidogo kutoka kwa samaki mdogo ni salama zaidi kuliko minofu minene ya samaki mkubwa.

Rashidi: Kwa kweli sikujua hata moja. Sasa mtu aulize nini mezani bila kumkera mpishi?

Shangazi Zena: Maneno matatu kwa adabu: "Alivuliwa lini? Alitiwa barafu lini? Sahani hii imetoka saa ngapi?" Mpishi mzuri hufurahi kuulizwa. Halafu tumia macho. Kwenye joto, barafu iwe kilo moja kwa kila kilo ya samaki, kwa hiyo ukiona samaki wengi na barafu ya kunyunyiza tu, jibu umelipata. Samaki mzima macho yawe yamejaa na angavu, mashavu mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Anuke bahari. Akinuka kama mkojo, ondoka.

Shangazi Zena: Cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5. Kikiwa katikati ya hapo, mwisho ni saa mbili, na joto la siku likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Ndiyo sababu ya swali la tatu.

Salma: Mama, mwanangu ana mzio wa kamba. Nimekuwa nikisita kumleta.

Shangazi Zena: Aje, lakini kwa mpango. Kamba, kaa na kambakochi wahesabu kitu kimoja, na kuiva hakupunguzi. Hatari kubwa ni vyombo: mafuta yale yale, koleo lile lile, chanja ile ile. Basi cha kukaanga asile kabisa hata kama ni viazi. Michuzi nayo, mingi ina unga au rojo la kamba bila kuonekana. Asisimame karibu na sufuria ya kamba, hata mvuke unaweza kumwasha. Samaki wa mapezi ni mzio mwingine, kama anamla nyumbani anaweza kumla pale, akipikiwa kwenye foili yake.

Mjomba Hamisi: Sindano yake ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio, ije, zote mbili. Isiachwe garini wala juani, joto huiharibu. Isilazwe juu ya barafu pia. Ifungwe kwa kitambaa ndani ya mfuko wa kubebea vitu baridi. Akianza kubanwa pumzi, achomwe pajani papo hapo, alazwe, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae. Pigieni gari la wagonjwa hata akipata nafuu, na dakika 5 hadi 15 bila nafuu ni ya pili. Vidonge vya mzio havichukui nafasi ya sindano.

Salma: Nimeelewa. Ahsanteni sana. Nitazibeba zote mbili ndani ya mfuko huo, shingoni mwangu, sio kwenye mkoba.

Mwanaidi: Na miiba? Mdogo wake huyo mtoto wa Salma anapenda samaki.

Shangazi Zena: Mchambulie kwa vidole, si kwa uma, vidole husikia mwiba. Ukimkwama, msimpe tonge la wali au mkate ausukume, unaweza kuuzamisha zaidi. Zahanati.

Shangazi Zena: Kila mtu aje na kalamu na karatasi. Andikeni kabla ya kusema. Mmoja akishatamka "chumvi nyingi," wote mtaionja hiyo chumvi. Meza, chakula, saa, maneno matatu ya ladha, na kama mngekirudia. Inatosha.

Mjomba Hamisi: Mchana upepo wa baharini huongezeka. Kaeni upande upepo unakotoka, la sivyo mchanga na moshi vitakuwa kwenye kila tonge.

Mwanaidi: Kuponi za vionjo ninunue ngapi?

Shangazi Zena: Nne nne kwanza kwa kila mkubwa. Uliza kama zilizobaki zinarudishwa. Kama hazirudishwi, mtaongeza baada ya mzunguko.

Rashidi: Kipimajoto cha jikoni nimekipata, kile cha kuchoma kwenye nyama. Sijui kama bado kinasoma sawa.

Mjomba Hamisi: Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji yafike juu ya barafu, koroga, subiri dakika moja. Chovya ncha bila kugusa glasi. Kisome 0. Kikisoma 2, andika kwa kibandiko kwenye mpini "toa 2". Na tafuta vitambaa vya spiriti, ncha ifutwe kila baada ya meza.

Rashidi: Kimesoma 1. Naandika.